Jibu la Mzee Sultanali

Kipatimu,
12 Agosti 2023

Mzee Sultanali,

Shikamoo.

Nalitaja jina langu mapema, usije ukasema nimekuvizia. Mimi ni Yohana, katekista mstaafu hapa Kipatimu, baba yake Francis. Ndiye Francis aliyemuua mwanao Naushad kule Kikole, mwaka 2016. Ukiikunja barua hii hapa ulipofika, nitaelewa.

Tumeonana mara moja tu, mahakamani, siku ya hukumu. Wewe ulikaa benchi la mbele pamoja na mwanao Aliraza. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Jaji alipotamka kwamba anyongwe mpaka afe, ulitikisa kichwa polepole. Watu walipotoka nilitaka kukufuata nikupe pole, nikaishia pale mlangoni. Pole hiyo naitoa leo, na najua imechelewa mno.

Rufaa ya Francis ilikataliwa mwaka jana. Yuko gerezani Dar, upande wa waliohukumiwa kifo. Watu hunifariji kwamba nchini kwetu mtu hajanyongwa kwa miaka mingi. Huwa nawajibu kwamba sheria bado ipo, na mlango wa chumba chake ukifunguliwa asubuhi, mwanangu hajui umefunguliwa kwa ajili ya uji au kwa ajili yake.

Paroko wetu na mapadre wenzake wanaandika kwa Rais kuwaombea watu kama yeye wapunguziwe adhabu. Nilimsikia akisema kwamba neno la mzazi wa marehemu lina uzito kuliko barua zote za Kanisa. Hakunituma kwako, nimejituma mwenyewe. Imani yetu inasema uhai wa mtu, hata wa muuaji, haumo mikononi mwa mtu mwingine. Nimewafundisha hivyo watoto wa komunyo tangu ujana wangu, kabla jambo hili halijaingia nyumbani kwangu.

Nakuomba uandike kwa Rais. Na kama hilo haliwezekani, niandikie mimi, hata mstari mmoja.

Barua hii nimempa Yahya, dereva wa basi letu, aifikishe dukani kwako. Sikupiga simu kwa sababu mtu akipigiwa simu hana nafasi ya kufikiri.

Wako kwa heshima,
Yohana


Kilwa Masoko,
3 Septemba 2023

Yohana,

Barua imefika. Yahya alisimama mlangoni akisubiri jibu, nikamwambia aende zake.

Unaniomba nisaidie mwanao atoke. Nimekuelewa sawasawa. Leo apunguziwe adhabu, mwakani atoke na msamaha wa sikukuu, mwaka wa pili yuko huko milimani anachuma machungwa na wewe. Wangu hatoki alipo kwa sikukuu yoyote.

Unasema uhai wa mtu haumo mikononi mwa mtu mwingine. Ungemfundisha na Francis.

Mke wangu Zaitunbai hajui kwamba umeandika. Ana presha. Usilete barua nyingine hapa dukani. Aliraza akiiona ataichana mbele ya wateja, na mimi sitamzuia.

Sultanali


Kipatimu,
20 Oktoba 2023

Mzee Sultanali,

Shikamoo.

Umenikataza kuleta barua dukani, kwa hiyo Yahya atakupa hii mkononi ukitoka kuswali. Unisamehe kwa ukaidi. Ungekuwa umenikatalia nilichoomba, ningenyamaza. Lakini umenikatalia kitu ambacho sikukiomba.

Siombi Francis atoke. Afungwe maisha, azeekee humo, afie humo siku Mungu atakapomwita. Ninachoomba ni asiuawe na watu waliokaa mezani wakapanga siku, wakaandaa chumba, wakamwita daktari aje athibitishe kwamba kweli amekufa. Francis aliua akiwa na hasira, na ni dhambi kubwa, siipunguzi. Kuua bila hasira yoyote, kwa ratiba na muhuri, mimi sijui kunaitwaje. Sisi tunasoma kwamba Kaini alipomuua ndugu yake, Mungu alimfukuza, akamwacha atangetange duniani, lakini alimtia alama ili asiuawe na yeyote. Kama Mungu mwenyewe, aliyeisikia damu ya Abeli ikilia ardhini, hakumuua Kaini, sisi tunaharakia wapi?

Uliniandikia kwamba ningemfundisha Francis. Nilimfundisha. Alikaa kwenye darasa langu na watoto wenzake, akajibu maswali vizuri kuliko wengi. Neno lako lile nakwenda nalo shambani kwenye ufuta, nakwenda nalo kanisani, narudi nalo nyumbani.

Yustina, mama yake Francis, anakusalimu wewe na Mama Naushad. Amenikataza kuziandika salamu hizi, anasema hana haki ya kuwasalimu. Nimeziandika.

Yohana


Kilwa Masoko,
14 Januari 2024

Ndugu Yohana,

Nilikusudia nisijibu. Imenibidi.

Mwezi uliopita tuliitwa Lindi kwenye kikao cha watu wa dini kuhusu hukumu ya kifo. Walikuwepo mapadre, mashekhe, wachungaji, na sisi tuliofiwa. Mapadre walisema kama ulivyosema wewe. Kisha nikaombwa niseme kwa niaba ya wafiwa. Nikasimama nikawaambia kwamba hawa wanaotaka kamba iondolewe hawajapata kuosha maiti ya mtoto wao aliyepasuliwa kichwa. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Padre mmoja kijana aliinamisha kichwa. Nilirudi Masoko nimeridhika.

Zaitunbai alikuwa anachambua mchele. Nikamsimulia. Akaniuliza, "Makofi walikuwa wanapigia nini?"

Nikasema, "Niliyoyasema."

"Kuhusu kichwa cha Naushad?"

Nikasema ndiyo. Aliendelea kuchambua mchele. Kesho yake nilimpa barua zako mbili akazisoma. Alinirudishia, akaniuliza kama nimezijibu salamu za Yustina, nikamwambia sijazijibu.

Nikaona niende kwa maulana wetu. Kwa kweli nilikwenda ili aniambie niko sawa. Akasema, "Haki unayo, Sultanali. Damu ya mtoto, baba ndiye mwenye kuidai. Una haki ya kutaka auawe, na una haki ya kusamehe, na Mwenyezi Mungu amesema kusamehe ni bora kwako. Sasa niambie, serikali ilikuuliza unachagua lipi?"

Nikamwambia hakuna aliyeniuliza. Sheria ya nchi, mtu akionekana ameua kwa kukusudia, hata jaji hana la kuchagua. Ni kifo basi.

Akasema, "Basi hicho unachokitetea si kisasi cha dini yako. Dini imekupa milango miwili, hawa wamefunga mmoja, na wewe umekwenda Lindi kuwashukuru."

Nilimuaga nikaondoka nimekasirika. Kumkasirikia mwanao nimezoea. Kujikasirikia mwenyewe ni kitu kigeni kwangu, na sikipendi.

Usifikiri nimebadilika. Nina maswali mawili. La kwanza ni la katekista. Kaini alitiwa alama asiuawe. Abeli alitiwa alama gani?

La pili ni la baba. Mahakamani mwanao alinyamaza, wakili ndiye aliyesema. Nenda kamuulize kilichotokea Kikole, uniandikie kwa maneno yake. Usinitilie sukari. Nikigundua umetia sukari, hutapata barua yangu nyingine.

Sultanali


Kipatimu,
18 Februari 2024

Mzee Sultanali,

Shikamoo.

Abeli hakutiwa alama yoyote. Nimelifikiria swali lako njia nzima ya kwenda Dar na kurudi, na sina zaidi ya hilo.

Francis nilimwona. Amekonda, miguu imevimba kidogo, anasema ni kukaa sana. Nikampa ujumbe wako. Naye akaanza kusimulia. Nayaandika kama nilivyoyasikia.

Alikuwa utingo kwenye lori la Naushad, hilo unalijua. Siku ile walibeba saruji na mabati. Mvua ilikuwa imenyesha na lori likanasa kwenye tope pale Kikole. Francis alitaka washushe mzigo kwanza. Naushad alitaka wakate matawi waweke chini ya tairi. Wakabishana. Vijana wa kijiji walikuwa wamekusanyika wakitazama. Naushad akacheka, akawaambia vijana kwamba watu wa milimani gari wanaliona kwenye kalenda. Wakacheka wote.

Francis akaniambia, "Baba, nilizunguka nyuma ya lori. Nikachukua chuma cha jeki. Wakati nazunguka nilikuwa najua ninachokwenda kufanya. Wakili alinikataza kusema hivyo. Ningeweza kukirudisha kile chuma, sikukirudisha."

Nikamuuliza kama Naushad alisema neno lolote. Akasema, "Hakuniona. Alikuwa ameinama anatazama tairi."

Ndivyo alivyosema. Sikuongeza na sikupunguza. Ndani ya basi nilitamani nikuandikie kwamba walipigana, au kwamba chuma kilimteleza. Nilijua nikikupa maneno haya nimekupa kamba mkononi. Lakini uliyaomba, na ni yako.

Yohana


Kilwa Masoko,
27 Mei 2024

Ndugu yangu Yohana,

Marahaba. Hujambo, na Mama Francis hajambo?

Barua yako ya Februari niliisoma mara moja tu, nikaifungia. Ramadhani ikaingia ikatoka, sikuweza kuandika. Nilichokuwa nasikia ni kwamba alikuwa ameinama anatazama tairi. Mimi ndiye niliyemfundisha kushuka na kutazama tairi mwenyewe, asimwachie mtu.

Baada ya Idi nilimwambia Aliraza anipeleke Kikole. Alikataa, kisha akakubali. Nilikuwa sijapaona mahali penyewe. Wakatuelekeza kwa mama mmoja anayeitwa Mastura, mkulima wa korosho, nyumba yake iko hapo hapo lori liliponasa. Nilipojitambulisha aliingia ndani akavaa khanga safi, ndipo akatoka kunisalimu.

Akanisimulia mambo ambayo hayakusemwa mahakamani, kwa kuwa hakuna aliyemwita. Naushad hakufa palepale. Mastura alimlaza kichwa mapajani mwake. Vijana wakati huo walikuwa wamekwisha mkamata Francis, wamemfunga, na mmoja amekinga petroli kutoka kwenye bodaboda yake. Walikuwa wanataka kumchoma.

Mastura akaniambia, "Mwanao alikuwa bado anapumua, anafumbua macho anafumba. Nikawapigia kelele wale vijana. Nikawaambia huyu ni mtoto wa watu, na dakika hizi ni za mwisho, akifumbua macho asikute mbele yake mtu anaungua. Mpelekeni polisi. Wakanitukana, lakini mwenye petroli akarudi nyuma. Kisha mwanao akafumbua, akatazama juu kwenye majani ya mkorosho, akafumba. Hakuona ubaya mwingine."

Nilimuuliza kama alikuwa anamjua Francis. Akasema hakuwa akimjua yeyote kati yao.

Aliraza alisimama akisikiliza mpaka mwisho, halafu akarudi kwenye gari, akainamia usukani. Tulipokuwa njiani alisema, "Andika unachotaka, baba. Mimi sitatia sahihi, lakini sitakuzuia." Zaitunbai tulipomwambia, hakulia. Alisema angependa kumtumia Mastura kitu, na hajui mtu kama huyo anatumiwa nini.

Nilirudi nikiwa nimekwisha amua, na bado nikakaa. Kila nikishika kalamu nilijiambia, hiyo haina haraka, hakuna anayemnyonga kesho. Halafu kikaja kimbunga, daraja la Somanga likaenda na maji, nikapata na sababu nyingine ya kungoja.

Sasa nimeandika. Nakala ya barua yangu kwa Rais iko ndani ya bahasha hii, mpe paroko wenu. Sikuomba mtu huyo aachiwe. Nimesema mimi ni baba wa marehemu, na naomba asinyongwe kwa jina la mwanangu, kwa sababu mwanangu aliepushwa kumwona mtu akiuawa mbele yake, nami sitaki auawe mtu nyuma yake.

Na wewe nenda kwa Francis. Mwambie Sultanali amemsamehe. Asidhani ni kwa kuwa jambo lenyewe ni dogo. Nilitaka kumwandikia yeye mwenyewe na kalamu ikagoma, bado sijafika hapo. Mwambie wewe kwa mdomo wako, kisha uniandikie alivyosema.

Ndugu yako,
Sultanali


Kipatimu,
16 Juni 2024

Mzee wangu Sultanali,

Shikamoo, na shikamoo Mama Naushad.

Barua yako imefika. Ujumbe wako umesomwa. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akalia sana, akasema, "Mwambie mzee Mungu amlipe, maana mimi sina cha kumlipa."

Sina la kuongeza. Nisamehe kwa ufupi, kichwa kinaniuma siku hizi na mwandiko unapotea.

Yohana


Dar es Salaam,
9 Agosti 2024

Yohana,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za hospitali. Nilimleta Zaitunbai kupima moyo. Jana wakati anapumzika niliona niende gerezani. Kalamu iligoma, nikasema labda ulimi utakubali. Nilitaka kumwona mara moja tu, nimwambie mwenyewe.

Askari wa mapokezi aliniuliza mimi ni nani kwa Francis. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema mimi ni mzee wake. Akafungua daftari, akatafuta, akaniangalia, akaniambia nikae. Kisha akasema, "Pole, mzee. Kwani nyumbani hawakukuambia?"

Amekufa. Figo. Walimpeleka hospitali, hakurudi. Mwanzoni mwa Mei.

Barua yangu niliandika Mei mwishoni. Wewe umenijibu Juni. Uliniambia aliishika karatasi kwa mikono miwili, akalia. Nani aliyelia, Yohana? Nilimsomea Zaitunbai maneno yale, na tangu siku hiyo alianza kulala vizuri. Sijamwambia. Nimekaa hapa nje kwa sababu sijui nitaingia na uso gani.

Nilikuambia usinitilie sukari.

Sultanali


Kipatimu,
25 Agosti 2024

Mzee Sultanali,

Shikamoo. Hata usipoiitikia.

Aliyelia ni Yustina. Barua yako nilimsomea yeye, hapa nyumbani. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, na maneno yale ya kwamba Mungu akulipe ni yake. Nilichokufanyia ni kuyatoa kinywani mwake nikayaweka kwa mtoto aliyekuwa kaburini. Katekista mzima. Sijitetei.

Nilijua kwamba anaumwa tangu Februari. Ile miguu haikuvimba kwa kukaa. Yeye ndiye aliyenikataza kukuambia. Alisema, "Ukimwandikia naumwa, atanionea huruma. Huruma nitapewa na watu wengine. Yeye asinihurumie." Nikaona ana haki, nikanyamaza. Sasa nalala nikijiuliza kama ningekuandikia, labda ungekwenda mapema. Au labda usingekwenda kabisa. Sitajua.

Simu ya kifo chake ilikuja wakati barabara imekatika. Nilifika mpaka Somanga kwa miguu na bodaboda, nikakuta watu wamesimama upande huu na wengine upande ule, katikati maji. Nilikaa pale mpaka nikaambiwa kwa simu kwamba wamekwisha mzika. Amezikwa huko huko Dar na watu wasiomjua. Paroko alimwombea misa hapa, bila jeneza.

Kisha ikaja barua yako. Niliisoma nikaona umesafiri mpaka Kikole, umemwona Mastura, umegombana na mwanao, umemwandikia Rais. Nikajiambia, nikimweleza mzee huyu kwamba amefika na kukuta mlango umefungwa, nitamuua. Tayari ukoo wangu ulikwisha kukunyang'anya mtoto. Ndipo nikaandika uongo ule. Nilidhani nakutunza. Sikuwaza kwamba ungekwenda mwenyewe, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwamba ulitoka kwenda kumwona.

Uliomba nikuandikie alivyosema. Nitakuandikia ya kweli, ya mara ya mwisho nilipomwona, mwezi wa nne. Alikuwa hawezi kusimama, walimleta na kiti. Kitu cha kwanza aliniuliza, "Mzee wa Masoko amejibu?"

Nikamwambia bado.

Akauliza kama niliyafikisha maneno yake yote, hata lile la kuzunguka lori. Nikamwambia yote. Akasema, "Basi usimwandikie tena, baba. Tumemsumbua vya kutosha." Halafu akaniuliza kama machungwa yamezaa vizuri, tukazungumza habari za shamba mpaka muda ukaisha.

Hayo ndiyo yote niliyo nayo.

Yohana


Kilwa Masoko,
15 Septemba 2024

Ndugu yangu Yohana,

Marahaba.

Zaitunbai nimemwambia. Alisema kwamba kama aliyelia ni mama yake Francis, basi kuna aliyelia, na hakuna uongo mkubwa hapo. Akaniomba nisikukasirikie. Nilikuwa nimekukasirikia mpaka nilipofika kwenye neno "bado". Neno hilo ni langu, si lako. Mwezi wa nne mimi nilikuwa nimekwisha toka Kikole. Nilikuwa nimekwisha msamehe moyoni, nakaa dukani nauza misumari, na karatasi iko kwenye mtoto wa meza. Wewe uligombana na maji. Mimi sikuwa na maji yoyote mbele yangu.

Nilipokuwa kijana nilidhani mtu akinyongwa ni jambo la asubuhi moja. Mwanao alinyongwa miaka yote ile, kidogo kidogo, na sisi tuliokuwa nje tulijiambia kwamba hakuna haraka. Na siku moja ile ambayo ningeweza kumpunguzia, niliitumia kusubiri.

Wametuita tena Lindi, kikao cha mwezi ujao. Wameniomba niseme kwa niaba ya wafiwa kama mara ile, wanakumbuka makofi. Aliraza aliuliza nitasema nini, nami nikamwambia nitaanza kwa kumtaja Mastura. Kisha nitasema kwamba nchi hii haijamuuliza baba yeyote, na nitasema tena kwamba hata baba akiulizwa anaweza kuchelewa. Sijui kama watapiga makofi. Natumaini hawatapiga.

Francis sasa hafaidiki na lolote. Wamo wengine gerezani alimotoka yeye, na wana baba zao.

Sitaki kusimama peke yangu pale mbele. Uje, nawe useme yako, na usiseme kama katekista. Panda basi la Yahya la asubuhi, ushuke Nangurukuru. Aliraza atakuwa hapo na gari. Amesema mwenyewe kwamba atakuja kukupokea, sikumwomba.

Zaitunbai anauliza kama Mama Francis naye atakuja. Mwambie chumba kipo, na Zaitunbai mwenyewe ndiye atakayempikia.

Sultanali